Maurits wa kisiwa, Maurits wa jumba na Maurits wa ghorofa ya chini

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Amsterdam kwa masomo ya afya ya jamii, na kila asubuhi napita barabara inayoitwa Mauritskade. Juzi tulipelekwa The Hague kuona makumbusho ya Mauritshuis, mwongozaji akatuambia mwenye jumba alikuwa gavana Brazil. Mwenzangu wa darasani ametoka Mauritius, naye anasema kisiwa chao kilipewa jina la mwana wa mfalme wa Uholanzi. Tena jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee wa miaka themanini hivi, anaitwa Maurits. Hao wote ni mtu mmoja? Na mpwa wangu wa Moshi tunayemwita Morisi, ana uhusiano wowote na Waholanzi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Hapana, si mtu mmoja, ingawa kuchanganyikiwa kwako kuna sababu. Mwenye kisiwa na mwenye jumba walikuwa wa ukoo mmoja, wamezaliwa katika mji mmoja mdogo wa Ujerumani unaoitwa Dillenburg, na wote wawili walibeba jina la Maurits. Mmoja alizaliwa 1567, mwingine 1604. Yule mkubwa ndiye mwenye kisiwa, na ndiye mwenye barabara unayopita. Yule mdogo, ambaye jina lake kamili ni Johan Maurits, ndiye mwenye jumba na habari za Brazil. Jirani yako na mpwa wako nitawafikia mwishoni, kwa kuwa jina limewafikia kwa njia nyingine.

Nianze na mkubwa, na nimsahihishe kidogo mwenzako wa darasani. Maurits hakuwa mwana wa mfalme. Uholanzi wa wakati huo haukuwa na mfalme wake: majimbo yalikuwa yameasi utawala wa Philip wa Pili wa Uhispania na yakawa yanajiendesha kama jamhuri. Baba yake, Willem van Oranje, ndiye aliyeongoza uasi huo mpaka alipopigwa risasi nyumbani kwake Delft, tarehe 10 Julai 1584. Mwaka uliofuata kijana Maurits, hata miaka 18 hajatimiza, akafanywa stadhouder wa Holland na Zeeland. Cheo hicho sisi watu wa pwani tunakielewa upesi kuliko Wazungu wengi: stadhouder ni liwali, anayekaa mahali badala ya mtawala aliye mbali. Kituko ni kwamba Waholanzi walimkataa sultani lakini liwali wakambakisha.

Hata ule ukuu wa Oranje, unaofanya vitabu vimwite "Prins Maurits", hakuwa nao kisiwa kilipopewa jina lake. Kaka yake wa mama mwingine, Filips Willem, alichukuliwa Uhispania akiwa kijana na akakaa huko miaka mingi, lakini alikuwa hai, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya cheo. Alifariki 1618. Kwa hiyo mwaka 1598 Maurits alikuwa liwali, jemadari na mtoto wa shujaa aliyeuawa. Kwa mabaharia hilo lilitosha.

Jina lenyewe lilitoka upande wa mama. Mama yake, Anna wa Saxony, alikuwa binti wa Moritz, mtawala wa Saxony aliyefariki 1553 kwa jeraha la vita. Moritz na Maurits ni jina lilelile, moja kwa Kijerumani na jingine kwa Kiholanzi. Na huyu tunayemzungumzia hakuwa wa kwanza kulipewa pale nyumbani. Mwaka 1564 Anna alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Maurits August Filips, akafariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto wa kiume aliyefuata akapewa jina hilohilo. Familia za Ulaya zilifanya hivyo mara nyingi. Mtoto aliyefariki hakuondoka na jina la babu yake, lilimngoja atakayefuata. Ukisoma nasaba za watu wa zamani wa huko ukakuta ndugu wawili wenye jina moja, usidhani karani kakosea. Tazama tarehe za vifo.

Vitani Maurits alikuwa hodari wa hesabu kuliko upanga. Alimweka karibu mwanahisabati Simon Stevin, akajifunza kwake namna ya kupima ngome na kupanga mazingiwa. Mwaka 1590 mji wa Breda ulitekwa na askari wapatao sabini waliojificha chini ya shehena ya mboji kavu, ile inayochomwa kama kuni, ndani ya mashua waliyoizoea walinzi. Lakini sifa yake ina doa ambalo Waholanzi hawajalisahau: mwaka 1619 mzee Johan van Oldenbarnevelt, mwanasiasa aliyemsaidia kupanda tangu ujana wake, alikatwa kichwa The Hague baada ya wawili hao kugombana, na Maurits hakutia mkono kumwokoa. Yeye mwenyewe alifariki 1625 bila kuoa, ingawa watoto alikuwa nao.

Sasa kisiwa. Mwaka 1598 meli nane ziliondoka Uholanzi kwenda kutafuta pilipili na karafuu Asia, chini ya Jacob van Neck. Baada ya dhoruba zikagawanyika. Kundi lililoongozwa na Wybrand van Warwijck likaangukia kisiwa kisicho na mtu mwezi Septemba, likapata maji matamu, samaki, mti wa mpingo, na ndege mnene asiyeruka ambaye dunia nzima inamjua leo kwa jina la dodo. Van Warwijck akakiita kisiwa Mauritius, kwa umbo la Kilatini, kama ilivyokuwa desturi kwenye ramani. Wapo wanaosema jina lilitokana na meli, kwa kuwa kweli ilikuwepo meli iliyoitwa Mauritius. Ilikuwa mojawapo ya meli nne za safari ya kwanza ya Waholanzi kwenda Asia, 1595 hadi 1597. Mimi siikubali hoja hiyo. Katika safari hii ya pili meli hiyo ilikuwa kwenye kundi la van Neck, lililopita njia yake bila kufika kisiwani. Liwali aliheshimiwa moja kwa moja, na yeye mwenyewe hakukiona kisiwa hicho maisha yake yote.

Tena kisiwa hakikuwa kimekosa jina. Kwenye ramani ya Wareno ya mwaka 1502 kimeandikwa Dina Arobi, jina lililotokana na mabaharia wa Kiarabu, maana yake waliosafiri Bahari ya Hindi kabla ya Wazungu walikuwa wanakijua. Waholanzi walirudi kuweka makazi 1638. Mwaka uliofuata gavana Adriaan van der Stel akaleta miwa kutoka Java, na swala wakubwa wa huko ambao vizazi vyao bado wanatembea kwenye misitu ya kisiwa. Hawakudumu. Panya, vimbunga na njaa viliwachosha, wakaondoka moja kwa moja 1710. Wafaransa wakaingia 1715, wakafuta jina na kukiita Isle de France. Jina la Maurits lingeishia hapo, kama lilivyoishia kwenye mto mmoja mkubwa wa Marekani: ramani za Kiholanzi za mwanzo wa miaka ya 1600 ziliuita mto wa Mauritius, na leo ni Hudson, unaopita New York. Kilichookoa jina la kisiwa ni Waingereza. Walipokiteka 1810 hawakutaka kutawala mahali panapoitwa kisiwa cha Ufaransa, wakarudisha la Waholanzi. Uhuru ukaja tarehe 12 Machi 1968 na jina likabaki. Sisi kwa Kiswahili tumezoea kuiita nchi hiyo Morisi.

Katika kipindi hicho cha Wafaransa ndipo pwani yetu inapoingia, na nakuomba hapa usome taratibu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Jean-Vincent Morice alikwenda Kilwa akaandikiana mkataba na sultani wa pale, apewe watumwa elfu moja kila mwaka wa kupeleka Isle de France. Jina lake la ukoo, Morice, ni lilelile la Mauritius, limepita tu kinywani mwa Mfaransa. Kwa hiyo mtu wa jina hili alichukua watu wa Kilwa kuwapeleka kwenye kisiwa cha jina hili, wakati ambapo kisiwa chenyewe kilikuwa kimevuliwa jina. Utumwa kule ulikomeshwa tarehe 1 Februari 1835. Mwenzako wa darasani akikuambia bibi wa bibi yake alitoka "Mozambique", ujue neno hilo kisiwani lilitumika kwa watu wa pwani yote ya mashariki ya Afrika, pamoja na ya kwetu.

Tuhamie kwa mwenye jumba. Johan Maurits van Nassau-Siegen alizaliwa 1604. Babu yake Jan na Willem van Oranje walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kwa hiyo kwa hesabu ya ukoo tunayoifuata sisi, Maurits wa kisiwa ni baba mdogo wa Johan Maurits. Mwaka 1633 alianza kujenga nyumba The Hague, pembeni ya bwawa lililo mbele ya majengo ya bunge. Fundi wake alikuwa Jacob van Campen, akisaidiana na Pieter Post. Kabla nyumba haijaisha, Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi ikampa ugavana wa mashamba ya miwa iliyoyateka kwa Wareno Brazil. Akafika huko Januari 1637, akakaa mpaka 1644, mwaka ambao jumba lilikamilika. Watu wa The Hague wakaliita kwa kejeli jumba la sukari. Mbao za thamani zilizotoka Brazil zilipamba ndani, zikaungua kwenye moto wa 1704. Unachokiona leo nje ni cha zamani; ndani palifanywa upya. Makumbusho yaliingia 1822, na ile picha ya msichana mwenye hereni ya lulu, kazi ya Vermeer, iliyowafanya mpange foleni, haina uhusiano wowote na Johan Maurits. Imehifadhiwa tu nyumbani kwake.

Kule Recife alijenga mji kwenye kisiwa cha Antônio Vaz, akauita Mauritsstad. Hakuwa na haya ya kujiita. Alijenga na daraja, na hadithi yake Wabrazil wanaisimulia mpaka leo: gharama zilikuwa zimepanda na ushuru wa kuvuka ulihitajika, basi akatangaza kwamba siku ya ufunguzi mwaka 1644 ng'ombe ataruka angani. Umati ukaja, ukalipa, ukavuka. Jioni ikaonekana ngozi ya ng'ombe iliyojazwa nyasi ikipita juu kwa kamba. Daraja la chuma na saruji lililopo mahali pale sasa linaitwa Maurício de Nassau, na chuo kikuu kimoja cha mji huo kina jina hilo pia. Alikwenda na wachoraji Frans Post na Albert Eckhout, na wataalamu wa mimea. Ndiyo maana jamii moja ya michikichi ya Amerika Kusini, Mauritia, imepewa jina lake na wanasayansi. Ukikuta Mauritia kwenye kitabu cha mimea, huyo ni Johan Maurits, wala si liwali.

Lakini miwa haikatwi kwa michoro. Mwaka uleule wa 1637 Johan Maurits alituma meli kuvuka Atlantiki, zikaiteka ngome ya Elmina, katika Ghana ya leo, kutoka kwa Wareno. Mwaka 1641 akatuma nyingine zikateka Luanda. Lengo la safari zote mbili lilikuwa kupata watumwa wa mashamba, na utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba mbali na kuisimamia biashara hiyo kwa niaba ya kampuni, alijinufaisha nayo yeye mwenyewe. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba makumbusho yalikuwa yameondoa ukumbini nakala ya sanamu yake ya kichwa na kifua, na Uholanzi ikagombana kwa wiki kadhaa, mpaka mawaziri wakatia neno. Mimi niliona kelele zile zimekosa shabaha. Sanamu ilikuwa nakala ya plastiki, na jina lenyewe bado liko mlangoni. Kilicho muhimu ni maandishi wanayoyaweka ukutani kueleza nyumba ililipiwa na nini, na hayo siku hizi yameboreka.

Unanisumbua kidogo na Mauritskade, kwa sababu nina mapenzi nayo. Siku ukipata nafasi, chukua baiskeli ufuate mfereji wa Singelgracht kutoka magharibi ya mji. Utapita kwanza Nassaukade, halafu Stadhouderskade, mwisho Mauritskade. Yaani ukoo, cheo, na jina la mtu, vimepangwa kandokando ya maji kama sentensi. Majina haya yaliwekwa katika karne ya 19, kuta za zamani za mji zilipokwisha kubomolewa na Waholanzi wakiwa na hamu ya kukumbushana mashujaa wa vita vya Uhispania. Kwa ujumla, ukikutana na barabara ya Prins Maurits katika mji wa Kiholanzi, ni liwali wa 1567. Ikiandikwa Johan Maurits, ni gavana wa Brazil. Miji kadhaa huandika miaka ya kuzaliwa na kufa kwa herufi ndogo chini ya kibao, nayo hiyo inamaliza ubishi.

Wapo wengine utakaowasikia. Mfalme Willem wa Tatu alikuwa na mtoto aliyeitwa Maurits, aliyefariki 1850 akiwa na miaka sita tu. Katika familia ya kifalme ya sasa yupo Maurits mwingine, mtoto wa Princess Margriet, aliyezaliwa 1968. Huko Limburg kusini palikuwa na mgodi wa serikali wa makaa ya mawe ulioitwa Maurits, Geleen, mmoja wa migodi mikubwa ya Ulaya, uliofungwa 1967. Eneo lake leo ni la viwanda vya kemikali. Na pengine Maurits anayependwa zaidi duniani ni yule ambaye watu hawajui kwamba anaitwa hivyo: M. C. Escher, mchoraji wa ngazi zinazopanda bila mwisho na mikono miwili inayochorana. Ile M ni Maurits, C ni Cornelis. Alizaliwa Leeuwarden 1898, nyumbani wakamwita Mauk. Picha zake ziko The Hague, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Mauritshuis, kwa hiyo mlipita karibu.

Mzee wa ghorofa ya chini, basi. Waholanzi wa rika lake wengi walipewa majina ya babu zao: wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, desturi ambayo rafiki zako Wakikuyu wataitambua mara moja. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba Maurits aliyetoa jina hilo ni mtu wa kijijini asiyetajwa kwenye kitabu chochote. Ipo njia nyingine inayostahili kujulikana. Wayahudi wa Uholanzi waliokuwa na jina la Mozes, yaani Musa, mara nyingi walijulikana mtaani na kazini kama Maurits, kwa kuwa sauti zinakaribiana na jina lilikuwa la heshima. Maurits Binger, aliyekuwa wa mwanzo kutengeneza filamu Uholanzi, alitoka katika jamii hiyo, vilevile Maurits Caransa, tajiri wa majumba wa Amsterdam aliyetekwa nyara 1977 na kuachiwa kwa fidia. Usimkisie mzee. Muulize amepewa jina la nani. Ni swali la kawaida huko, na wazee hulipenda. Ila likiwa limetoka kwa babu aliyepotea miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, utaona mwenyewe kama anataka kuendelea. Na unapomwita, tia mkazo mwanzoni, MAU-rits, na hiyo "au" itamke kama ile ya "chai au kahawa", hutakosea sana.

Nimemwacha Morisi wa Moshi kwa sababu yeye ndiye aliye karibu na chanzo. Majina haya yote, ya Kijerumani, Kiholanzi, Kifaransa na Kireno, yanatokana na mtakatifu mmoja, Mauritius, ambaye mapokeo yanasema alikuwa kiongozi wa kikosi cha askari Wakristo waliotoka Thebes, Misri, karibu na Luxor ya leo. Waliuawa mwishoni mwa karne ya 3 mahali panapoitwa sasa Saint-Maurice, Uswisi, kwa kukataa amri ya Kaisari. Wanahistoria wanabishana kuhusu idadi yao na hata kama tukio lilikuwa hivyo, lakini abasia ya pale ilianzishwa 515 na bado ina watawa. Jina lenyewe kwa Kilatini ni la watu wa Mauri, wenyeji wa Afrika ya Kaskazini. Mfalme Otto wa Kwanza alimfanya msimamizi wa Magdeburg, katika nchi ya Saxony, na ndani ya kanisa kuu la mji huo ipo sanamu ya karne ya 13 inayomwonyesha: mwanamume mweusi, pua pana, midomo minene, amevaa vazi la minyororo ya chuma la askari wa farasi. Imechongwa kwa makini mno, si katuni. Kutoka nchi hiyo ndipo alipotoka yule Moritz, babu mzaa mama wa liwali. Kwa hiyo jina lililobandikwa kwenye kisiwa cha Afrika lilikuwa la Mwafrika tangu zamani, na waliolibandika hawakuwa na habari.

Mpwa wako hakupitia Uholanzi hata kidogo. Wakatoliki wa kwetu walilipokea kwa wamisionari kutoka kwenye kalenda ya watakatifu, kama alivyolipokea Kardinali Maurice Otunga wa Kenya, naye hakuhitaji liwali wala gavana wa sukari. Siku ya mtakatifu huyo ni tarehe 22 Septemba. Kama hapo nyumbani mnasherehekea siku ya somo, hiyo ndiyo yake.